Vidole Viwili vya Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 4 Septemba

Mwalimu Silima kaingia darasani kakikumbatia kishikwambi kama mtoto mchanga. Kimetoka chuo kikuu kimoja cha bara, tumeazimwa mpaka Novemba. Si kama vile vya walimu vya kuandikia mahudhurio. Kioo chake ni laini kama vioo vyote, lakini chini yake kuna umeme mdogo sana. Ukiwashwa, unaivuta ngozi ya kidole, na kidole kinachotembea juu yake kinahisi kama kinapita juu ya jamvi. Ukizimwa, kioo tena. Kuna viraba sita vya rangi moja. Vingine vimewashwa, vingine vimezimwa, na macho hayaoni tofauti. Kazi ya kidole ni kusema vipi vimewashwa.

Mwalimu alianza kwa Kiingereza kama inavyotakiwa, kisha alipoona tumenyamaza akarudi kwenye Kiswahili chake cha Unguja, anachokivuta mpaka rafiki yangu Nahla akanikanyaga mguu chini ya meza ili nicheke. Alisema tukidhani tunahisi umeme tumekosea. Tunachohisi ni msuguano. Ngozi inanaswa, inaachiliwa, inanaswa tena, upesi mno, na ule mtetemo ndio ubongo unaouita ukwaruzi. Kidole kikisimama hakihisi kitu. Lazima kitembee.

Shule itapeleka kazi kwenye maonyesho ya sayansi Unguja. Swali letu: mkono unaochambua karafuu unahisi kioo sawa na mkono usiochambua? Sisi tutapimwa sasa, tutapimwa karafuu zikishika kasi, na tutapimwa tena tukishapumzika. Kanichagua na mimi. Kasema mbele ya watu wote kuwa mkono wangu unakwenda polepole na hautetemeki. Sikujua nitazame wapi.

Mkono wa kulia nilihisi vyote vilivyowashwa. Mkono wa kushoto, gumba, cha shahada na cha kati sawa. Cha pete na cha mwisho, hakuna. Kioo tu. Nikapitisha tena, kioo. Nyuma yangu foleni, na Nahla akasema, "Intisar, unakipima au unakiposa?" Wakacheka. Nikataja viraba vyovyote vilivyonijia mdomoni, Mwalimu akaandika.

Sijui kwa nini sikusema. Maneno mengi huwa siyatoi, hili halikuwa la kwanza.


Alhamisi, 7 Septemba

Tumechambua karafuu. Hakuna jingine.


Jumapili, 10 Septemba

Tumechambua tangu asubuhi. Unashika kichane kwa mkono mmoja, unakisokota kwenye kiganja cha mkono wa pili, karafuu zinadondoka upande huu na makonyo, vile vijiti vyake, unayatupa upande ule. Baada ya muda huhitaji kuangalia. Baada ya muda mrefu zaidi huhitaji hata kuwapo. Viganja vinakuwa vyeusi na vinang'aa mafuta, yale yale watu wanayotia kwenye jino bovu ili lisiume. Na vidole navyo vinakufa ganzi kama jino. Msimu wa karafuu nyumba nzima tunaangusha vikombe.

Bibi yangu, Bi Mwanawema, mama yake Mama, hukaa katikati ya jamvi na anatushinda wote. Nikamwambia nina vidole viwili havihisi.

"Viwili tu?" akasema. "Mie vyote kumi. Leo nilijikuna nkono nikadhani namkuna ntu mwengine."

Mama alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Nami nikacheka. Bibi akasema havina neno, vyafa hivi sasa, kisha vyarudi, kila msimu ndivyo.

Basi ni karafuu. Nimelala vizuri.


Jumatano, 13 Septemba

Kipimo cha pili. Leo kishikwambi kimelazwa juu ya mizani ndogo inayoonyesha kidole kinakandamiza kwa nguvu gani na kioo kinakivuta kwa nguvu gani. Ukigawanya unapata namba ya msuguano.

Nahla hakuhisi kiraba hata kimoja, kidole hata kimoja. Akasema ndugu zake wa Kiuyu, wavuvi wasio na mikarafuu, wakisikia mwaka huu kaajiriwa na karafuu hata vidole kaviuza, watamcheka. Wengine hali hiyo hiyo. Mwalimu Silima anaandika, uso wake kama wa mtu aliyeuona mwezi wa Idi.

Vidole vyangu viwili vina namba ndogo kuliko vya mtu yeyote. Vinateleza. Mwalimu kanipangusa mafuta kwa pamba na spiriti, vikateleza vile vile. Akaeleza: ncha ya kidole huwa na jasho kidogo wakati wote, hata tusipoliona. Jasho hilo linalainisha ngozi, ngozi inalala vizuri juu ya kioo na kushika. Ngozi kavu inagusa kwa vilele vyake tu, kama mtu anayenyatia. Kisha akaniuliza, "Wewe, Intisar, hutoki jasho?"

Watu wote wakanitazama. Nikavuta mkono wa baibui mpaka kwenye kucha.


Jumamosi, 16 Septemba

Mvua ya ghafla. Tulikimbia kukusanya karafuu uwanjani. Bibi kateleza lakini hakuumia, karafuu hazikulowa sana.


Alhamisi, 21 Septemba

Nimeungua. Nilikuwa naepua sufuria ya muhogo, mkono wa kulia umeshika kitambaa, wa kushoto umeegemea. Nikasikia harufu. Nikadhani kuna unyoya wa kuku umeangukia jikoni. Nikatafuta kwa macho, na nilipoangalia chini kidole changu cha mwisho kilikuwa kimelala kwenye ukingo wa jiko kama kimechoka.

Nilikiondoa bila haraka. Hiyo ndiyo nataka kuiandika. Sikuwa na haraka.

Malengelenge yametokea makubwa. Mama akauliza, "Hukuhisi?" Nikasema karafuu. Akasema, "Karafuu hizi," kwa sauti ya kumkemea mtoto mtundu, akanipaka asali.


Alhamisi, 28 Septemba

Maulidi. Tulivalia nyumbani kwetu, Nahla na mimi, sare ya chuo chetu cha Kurani, nyeupe na kijani. Mkono wa gauni langu ni mpana na Nahla akataka kuupunguza kwa pini. Alikuwa anazungumza huku anabana, juu ya mvulana wa Kojani aliyemtumia salamu kupitia dada yake, kisha akanyamaza katikati ya neno.

"Intisar. Pini imekuingia."

Nikaangalia. Ilikuwa imepita kwenye kitambaa na kwenye ngozi, karibu na kiwiko, na tone la damu linakuja polepole. Akaitoa. Akapandisha mkono wa gauni na akaona baka.

Sijawahi kuliandika humu. Lilianza mwezi wa Ramadhani. Ni jeupejeupe kidogo kuliko ngozi yangu, kubwa kama kifuniko cha chupa ya soda, haliwashi, haliumi. Bibi alisema choa akanipaka dawa. Halikuondoka, na mimi sikusema tena. Mkono wa kushoto haupokei, hauli chakula, hausalimii. Ni rahisi kuuficha.

Nahla hakufanya mzaha. Hilo ndilo lililonishtua, kama kitu kile kinaweza kuitwa kushtuka. Akabana pini upya, mbali na pale, tukaenda. Nimesoma kasida yote bila kukosea.


Jumatatu, 2 Oktoba

Mwalimu katuomba tusiguse karafuu wiki mbili mpaka kipimo cha mwisho. Mama kaguna, lakini mitini kumepungua, kakubali.


Alhamisi, 5 Oktoba

Nahla anasema vyake vimerudi. Kahisi mchanga kwenye mchele.


Jumatatu, 9 Oktoba

Vyangu bado.


Alhamisi, 12 Oktoba

Tumepishana na Bi Umkulthum njiani, muuguzi wa kituo cha afya cha hapa kwetu Mgogoni. Mama kageuza uso upande wa migomba. Bi Umkulthum naye kageuza wake.

Hawa walikuwa watu wa kununua doti moja ya kanga wakagawana, kila mmoja kipande, na siku ya harusi wanakaa pamoja ili doti ikamilike. Nawakumbuka. Kisha ukaja uchaguzi ule, sisi chama hiki na wao chama kile, yakasemwa maneno kisimani, na tangu hapo hawasalimiani. Mama yake Bi Umkulthum alipofariki sisi hatukwenda, hata hitima hatukwenda. Nilikuwa mdogo kidogo, niliona ni jambo la kawaida kama mvua.

Siku hizi silioni la kawaida, lakini silioni baya pia. Naliona tu.


Jumatatu, 16 Oktoba

Leo nimesema. Naandika yote, maana sijiamini kuwa kesho nitayakumbuka yalivyokuwa.

Wenzangu wote wamehisi viraba. Vidole vimefufuka kama Bibi alivyosema, na Mwalimu alikuwa anapiga mluzi. Ikaja zamu yangu. Leo alianza na jambo jipya: kubandika kiganja kizima juu ya kioo, kuinua, na kuangalia alama ya unyevu kwa mwanga wa dirisha kabla haijakauka. Kila mtu aliacha madoa matano ya ukungu. Mimi, mkono wa kulia, matano. Mkono wa kushoto, matatu.

Akafuta kioo. "Rudia." Matatu.

Akapima msuguano, namba ikawa ile ile ya Septemba, ingawa mikono yangu haijagusa karafuu. Kisha viraba, kidole cha mwisho. Nikapitisha. Nikasema cha kwanza na cha nne.

Hakuandika. Akawaambia wenzangu watoke wapumzike. Nahla alikuwa wa mwisho kutoka.

"Nilivizima vyote," Mwalimu akasema. "Hakukuwa na cha kwanza wala cha nne."

Feni ilikuwa inazunguka. Nikaitazama. Akavuta kiti akakaa, si karibu sana. Alisema anaweza kuufuta mstari wangu kwenye jedwali akaandika kuwa chombo kilikosea, na hapana atakayeuliza, au mimi nimwambie kitu. Alisema kwa upole, na ningeweza kunyamaza. Nililipima. Ningetoka nje, mstari ungefutika, na mkono wangu ungerudi ndani ya baibui kama kawaida. Ilikuwa njia nyepesi kabisa, na nilikuwa nimeshaanza kunyanyuka.

"Havihisi, Mwalimu," nikasema. "Tangu siku ya kwanza."

"Viwili hivyo?"

"Viwili hivyo. Na huku juu."

Nikapandisha mkono wa baibui mbele ya mwanamme asiye ndugu yangu. Akaangalia baka haraka, akatazama chini. Akauliza kama linawasha. Haliwashi. Akasema hili si la fizikia tena, niende kituo cha afya wiki hii, nisingoje karafuu zimalizike.

Nilingoja niogope. Sikuogopa. Nilikuwa nafikiri feni inahitaji kufutwa vumbi.


Jumanne, 17 Oktoba

Nimemwambia Mama wakati tunageuza karafuu juani. Akasema, "Mwalimu wa fizikia ndiye daktari siku hizi?" Kisha akanishika mkono, akaangalia baka muda mrefu, akalisugua kwa kidole chake gumba kama doa kwenye nguo.

Akasema karafuu zikikauka tutakwenda Chake Chake, kwenye hospitali kubwa. Nikasema Mwalimu kasema kituo cha hapa. Akasema kwa Umkulthum haendi, na mimi siendi.


Alhamisi, 19 Oktoba

Kikombe changu kimewekwa peke yake, dirishani.

Bibi kakiona. Akamuita Mama chumbani, nami nilikuwa ukumbini, kwetu kuta hazifiki darini. Ni Bibi aliyelitaja: jedhamu. Ukoma. Alisema mamake mdogo alikuwa nao, akachukuliwa kwenda kukaa na wenziwe mbali, na watu wakawa wanampelekea chakula na kukiacha njiani. Alisema, "Mie nilikuwa ntoto, nikitumwa nami. Nikikiweka chini nikikimbia. Sitaki kukimbia tena uzeeni."

Mchana tulikula sinia moja, Bibi na mimi. Mama alisema hana njaa.

Jioni kikombe kilikuwa bado dirishani.


Ijumaa, 20 Oktoba

Mvua. Karafuu hazikauki.


Jumapili, 22 Oktoba

Mama kasema wiki ijayo. Wiki ijayo atasema wiki ijayo. Simlaumu. Nimeona anavyonitazama mikono ninapokunja nguo, na mimi najua kumtazama mtu bila kumuuliza, hilo nimelirithi kwake.

Baada ya magharibi nikamwambia, "Mie kesho nakwenda kwa Bi Umkulthum. Ukitaka tufuatane."

Halikuwa jambo kubwa kulitamka. Lilitoka kama karafuu kwenye konyo. Mama aliendelea kukunja kanga, akaikunjua, akaikunja tena.


Jumatatu, 23 Oktoba

Nilipofika barabarani Mama alikuwa nyuma yangu, baibui na mtandio, kama anakwenda msibani.

Bi Umkulthum alikuwa anaandika kadi za watoto. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu. Akamtazama Mama. Akasema, "Karibu kiti," na Mama akakaa karibu na mlango.

Nikaeleza mwenyewe. Kishikwambi, karafuu, alama tatu, kuungua, pini. Nilizungumza zaidi ya nilivyowahi kuzungumza na mtu mzima. Hakunikatiza. Akanishika kiwiko akaminya nyuma yake, na kwenye mkono wa kushoto akapata mshipa mnene kama kamba ya katani, akaurudia mara nyingine. Akaniambia nibane karatasi kati ya kidole cha pete na cha mwisho, akaivuta. Ikatoka bila taabu.

"Sasa fumba macho. Kila nikikugusa, nionyeshe mahali kwa mkono wa pili."

Akagusa gumba, nikaonyesha. Shahada, nikaonyesha. Cha kati. Kisha kimya. Nikangoja. Nje kuna mtu alikuwa anabishana na mwenziwe juu ya kuku aliyeliwa na ngawa, mmoja anasema si ngawa, ni jirani. Nikafikiri Bi Umkulthum kaenda kuchukua kitu. Nikaendelea kungoja, mkono juu ya meza, macho nimeyafumba vizuri maana sikutaka kuonekana mdanganyifu tena.

Mama akasema, "Umu, si umguse basi."

"Namgusa, Raniya."

Nikafumbua macho. Ncha ya kalamu ilikuwa imesimama juu ya kidole changu cha mwisho, na ngozi imebonyea.

Mama alikuwa amesimama. Aliangalia kalamu, akaniangalia mimi, na kiti nyuma yake kikaanguka. Akasema, "Hebu tena." Bi Umkulthum akagusa tena. Nami nilikuwa naona sasa, naona kabisa, na haikusaidia.

Kisha mambo yalikwenda kwa utaratibu. Ni ukoma, na unatibika. Atachukua kipimo kipelekwe maabara, lakini alivyoona hana shaka. Vidonge vya bure, mwaka mzima, cha kwanza nitakimeza mbele yake, na nikishaanza simwambukizi mtu: nile na watu, nilale na watu. Kuna vidonge vingine vya kutuliza mshipa. Nimechelewa kwa miezi, sikuchelewa kwa miaka, kwa hiyo vidole vingine vitabaki vyangu. "Hivi viwili," akasema, "siwezi kukuahidi." Nilipenda kwamba hakuahidi.

Mama akasema, akiwa ameitazama meza, "Kwenye msiba wa mamako sikuja."

"Niliona."

"Basi."

"Okota kiti ukae," Bi Umkulthum akasema. "Nyumba nzima nawapima, naanza na weye. Pandisha nkono wa nguo. Fumba macho."

Na Mama akafumba. Nilimtazama akimpa mkono wake mwanamke ambaye tangu uchaguzi hajampa hata salamu, na kila kalamu ilipomgusa akasema hapo. Hapo. Hapo. Alianza kulia karibu na kiwiko, macho bado kayafumba, na akaendelea kusema hapo.


Jumatano, 25 Oktoba

Mkojo umekuwa mwekundu. Bi Umkulthum alishanionya ni dawa. Nilimwambia Nahla, akasema afadhali mimi, yeye kwao hapana kinachobadilika rangi isipokuwa ukuta.

Kikombe kimerudi kabatini. Sikuona nani kakirudisha.


Jumamosi, 4 Novemba

Bibi kapimwa, yuko salama. Alimwambia Bi Umkulthum kama anataka kumtekenya aseme wazi. Bi Umkulthum kakaa mpaka adhuhuri, kanywa chai. Hawakuzungumzia siasa. Kila ikikaribia, mmoja anauliza bei ya karafuu.


Jumapili, 12 Novemba

Nahla na Mwalimu Silima wamerudi kutoka Unguja. Sikutaka kwenda, nikasema sitaki, na ikatosha. Mwalimu aliniomba ruhusa kabla: mstari wangu umebaki kwenye jedwali, bila jina. Watu wengi waliuliza kwa nini vidole viwili havikufufuka karafuu zilipokwisha. Nahla anasema aliwaeleza msuguano wote, jasho na vilele vya ngozi, kwa Kiingereza, mpaka jaji mmoja akamuomba apunguze mwendo. Hatukushinda. Kuna skuli ilitengeneza taa ya maji ya chumvi.

Mwalimu anataka kuandika barua kwa chuo kikuu kuuliza kama kioo kile kingefaa vituo vya afya. Nikamwambia kalamu inatosha. Akacheka, nami nikashangaa kuwa nimesema mzaha.


Jumamosi, 18 Novemba

Msimu umekwisha. Majamvi yamekunjwa.

Kila alasiri Mama ananilowekea mkono kwenye bakuli la maji, kisha ananipaka mafuta ya nazi, maana ngozi isiyotoka jasho hupasuka. Ndivyo alivyofundishwa na Bi Umkulthum. Anasugua kidole kimoja kimoja. Vitatu vya kwanza nahisi kila kitu, hata ile sugu ya kiganja chake. Akifika vile viwili huacha kuutazama mkono, hunitazama uso.

"Wahisi?"

"Bado."

Huuliza kila siku. Siku za mwanzo nilitaka kusema ndiyo ili apumzike, lakini sisemi tena vitu vya kubahatisha.

Leo hakuuliza. Alisugua cha pete, akasugua cha mwisho, taratibu, mpaka kwenye kovu la kuungua, huku ananisimulia kuwa yeye na Umu wameona doti moja nzuri dukani. Niliangalia kidole chake kinavyopita juu ya changu. Sikuhisi kitu. Alipotaka kufuta mikono nikamwambia arudie vile viwili.